Mdomo wa Ngege

Robi mama,

Jumapili nilisema mbele ya shangazi zako wote kwamba gatini sikanyagi. "Mtoto akitaka kuwa samaki, na aende. Mimi sisindikizi samaki." Ndivyo nilivyosema, mwiko wa ugali mkononi, na shangazi zako wakaitikia kwa vichwa kama wako kanisani. Wewe hukulia. Ulicheka kidogo, ukasema, "Sawa, Mama," ukaendelea kumenya viazi. Hicho kicheko chako kinanisumbua mpaka leo. Afadhali ungenijibu vibaya nipate sababu ya kukugombeza.

Sasa ni jioni na wewe umeshahamia kwenye hiyo meli yenu ya kulala majini. Kesho asubuhi mnang'oa nanga. Baba yako amekaa mlangoni, amevaa viatu tayari, anangoja niimalize barua hii akuletee kabla giza halijaingia. Kila nikiinua kalamu anageuka na jina lake la kuniita, binti wa Wakuria: "Nyar Kuria, unaandika Biblia?" Namwambia akae hivyo hivyo, kwa sababu yeye mambo yake ameshayasema yote kwa kukufungia dagaa wa omena, na kamba, na kisu, na omena tena.

Mimi sitakuandikia habari za sweta, wala dawa ya malaria, wala uchemshe maji. Huyo Bi Greta wako, mkubwa wa wazamiaji, ameshakupa maagizo mpaka ya kukata kucha. Mimi nataka kukueleza kwa nini nilisema vile, na jambo moja nililokuficha Jumatano. Nikilisema kwa mdomo nitaanza kucheka, au nitaanza kulia, na wewe utashindwa kujua ni lipi.

Unajua kwamba nilitoka kwetu milimani bila ng'ombe hata mmoja wa mahari kuingia boma la baba yangu. Ng'ombe walikuja baadaye. Baba yako alikuwa kijana wa ziwani aliyekuja soko la Migori na magunia ya samaki wakavu. Hakujua Kikuria, mimi sikujua Dholuo, tukabaki na Kiswahili, tena Kiswahili gani! Cha kuokota sokoni. Yeye aliniambia, "Mimi napenda wewe sana, wewe iko mzuri kama mtumbwi mpya," nikamcheka mpaka wauza ndizi wakageuka. Ndiyo maana mpaka leo nyumba hii inapendana kwa Kiswahili, inagombana kwa Kiswahili, na wewe nakuandikia kwa Kiswahili.

Lakini babu yako alikataa. Alisema hawezi kumpa binti yake watu wanaokula vitu visivyo na miguu. Akasema tena, mbele ya watu wote wa boma, kwamba nikienda hatanisindikiza hata mpaka kwenye mti wa kwanza. Umesikia maneno hayo mahali fulani, siyo? Nimeyarithi, mama. Sikuyaokota njiani.

Tukaondoka alfajiri, mimi na baba yako, yeye amebeba mzigo wangu kichwani. Mama yangu, huyo uliyerithi jina lake, alinikumbatia mlangoni. Babu yako hakuonekana. Tukatembea, jua likapanda, na tulipokaribia mto Migori nikageuka nyuma. Nani yule anakuja mbio kwenye mteremko, mkono mmoja juu? Ni baba yangu. Nikajua ameshika fimbo. Nikapiga kelele, nikakimbia.

Na baba yako je, unadhani alisimama kama mwanamume anitetee? Thubutu! Alinipita. Alinipita na mzigo wangu kichwani, akaingia mtoni mpaka kifuani, akaanza kuniita kutoka huko, "Kuja! Kuja!" Kwake maji ni barabara. Mimi nilifika ukingoni nikasimama. Sijui kuogelea, mto umejaa, na nyuma baba yangu anahema kama ng'ombe wa kulima. Nikafumba macho, nikangoja fimbo.

Fimbo haikuja. Nilipofumbua macho niliona mkononi mwake ana kibuyu. Kibuyu cha maziwa. Alikuwa ametoka nacho nyumbani kimejaa ili anipulizie baraka kifuani kama wanavyofanya wazee wetu, na njia nzima, kwa sababu ya mbio zangu, maziwa yalikuwa yamemwagika kwenye miguu yake yote. Mzee alikuwa mweupe kuanzia magotini kwenda chini. Akakigeuza kibuyu, hakuna kitu. Akaniangalia kwa hasira, Robi, hasira kali, akainama mtoni, akajaza maji mdomoni mpaka mashavu yakavimba, akanipulizia kifuani yote. Baridi! Nilishtuka nikaruka.

Halafu ndipo akapata pumzi ya kusema. "Wewe mtoto mjinga, unakimbia nini? Haya, basi na yakubariki maji yenyewe, maana ndiyo unayoyafuata." Akamgeukia baba yako pale mtoni: "Na wewe, toka huko umshike mkono. Umemwacha peke yake ukingoni, wewe ni mkwe wa namna gani?"

Baba yako akatoka maji yakimtiririka, mzigo wangu ungali kichwani, mkavu kabisa. Mpaka leo hiyo ndiyo hoja yake kubwa. Ukimuuliza kwa nini alikimbia atakwambia, "Lakini nguo zako zililowa?"

Nacheka ninapoandika. Lakini siku ile sikucheka. Nilikuwa nimezikimbia baraka za baba yangu kwa sababu sikuweza kufikiria kwamba mtu aliyesema "siendi" anaweza kuwa anakuja, tena anakuja mbio.

Basi nikafika ziwani. Huku nikagundua kwamba maji ya baba yangu hayakuwa yameniingia vizuri. Niliogopa ziwa hili na naliogopa hadi leo. Mwanamke wa milimani anajua ng'ombe: ukimwangalia machoni unajua kama atakupiga pembe. Ziwa utaliangalia wapi? Nimekaa hapa mpaka nywele zinageuka rangi, na maji hayajawahi kunipita magoti. Kila baba yako anapoingia kwenye mtumbwi mimi hujifanya nina kazi jikoni. Kuna siku ya upepo alichelewa, akarudi jioni, akaja akaketi karibu na mafiga, akaniambia polepole, "Leo nimeogopa." Wengine huja wakijisifu. Yeye alisema tu kwamba ameogopa, akaomba uji. Siku hiyo ndiyo nilimpenda kuliko siku ya soko la Migori, na sijawahi kumwambia. Sasa utamwambia wewe, maana najua atakuomba umsomee.

Ulipozaliwa, watu wa baba yako wakakuita Akinyi, mimi nikakuita Robi, na nikaapa kwamba huyu maji hayampati. Ulipoanza kutembea nilikufunga kengele ya mbuzi kiunoni ili nisikie ukielekea ufukweni. Watu walicheka. Ulipofika umri wa shule nikakupeleka mbali kabisa na ziwa, kwa mjomba wako anayechimba dhahabu Osiri. Nikajisifu: huko ni mawe na vumbi, atasoma, ataolewa na karani, hatajua hata samaki ana mapezi mangapi. Likizo ya kwanza ukarudi, ukaniambia macho yanang'aa, "Mama, najua kuogelea! Mjomba alitufundisha mtoni!" Mto upi? Mto Migori! Mto uleule! Nilikutoa kwenye maji nikakutia kwenye maji, na nauli nikalipa mimi.

Basi mwaka huu ikaja hiyo meli Nyar Nam, Binti wa Ziwa, imetia nanga gatini Homa Bay, na watu wanaobeba mitungi ya hewa mgongoni na kuvaa miguu ya bata. Nilipoambiwa wanazamia kuangalia samaki nilisema, kwani sokoni hawapo? Wewe ulianza kuwatafsiria, ukawatajia majina ya samaki kwa Dholuo, halafu Bi Greta akakufunga mtungi mgongoni, na siku moja mtoto wa jirani akaja mbio: "Mama Akinyi, Akinyi ameingia chini ya maji na hajatoka!" Robi, nilikimbia na unga mikononi. Nikakuta Bi Greta amesimama ufukweni anatabasamu. "Hapana ogopa, Mama. Yeye iko sawa. Ona mapovu." Nikaona mapovu. Mwanangu amekuwa mapovu! Nilitaka kumpiga yule mama wa Kizungu kwa mkono wangu wenye unga.

Halafu mkaleta habari hii ya kwenda safari. Takawiri, Remba, na vile visiwa vidogo vya mpakani ambavyo hata baba yako huviona kwa mbali tu na kupita. Mnalala melini, mnapika melini, mnaamka mnazama, mnahamia kisiwa kingine. Msichana kwenye chombo, wiki baada ya wiki! Wavuvi wa hapa hawataki mwanamke hata aruke nyavu zao. Shangazi zako wakaanza: ataolewa na nani? Nikayashika maneno yao nikayafanya yangu, kwa sababu hayo yalikuwa rahisi kusema kuliko la kwangu. La kwangu lilikuwa neno moja tu. Naogopa. Basi, nimelisema, na baba yako amegeuka kuniangalia kwa sababu nimelisema kwa sauti.

Sasa Jumatano.

Ulinikuta nafua pale kwenye mawe, penye maji meupe. Ukaja na ile miwani yako ya kuzamia.

"Mama, vaa."

"Sivai madude usoni. Macho yangu mazima."

"Maji hayafiki hata magotini. Nitakushika kiuno."

"Ukiniachilia?"

"Nitakuachilia niende wapi, Mama? Mwili wote huu?"

Nilikuwa bado nimekununia, lakini hapo nilikaribia kucheka, na mtu anayekaribia kucheka hana nguvu. Ukanivalisha. Ukanishika kiuno. Nikainamisha uso.

Kitu cha kwanza nilichoona ni miguu yangu. Yawa! Mikubwa hiyo, imekaa kwenye mchanga kama ya mtu mwingine. Halafu nikaona mwanga unacheza juu ya mawe, na vifulu, visamaki vya buluu na vyekundu, vinapita katikati ya vidole vyangu bila hofu, vimevaa kama watu wa harusi. Maisha yangu yote huku nimeuza samaki, na sikuwa nimewahi kumwona samaki. Nilikuwa nimeona maiti zao tu.

Na kando ya matete alikuwepo samaki ngege. Unajua ninavyowajua ngege. Unajua pia nilivyokuwa nikiwatangaza pale soko la Rodi Kopany. Tangu nilipoanza biashara nilikuwa nikimpasua ngege nakuta vitoto mdomoni, tele, nikasema huyu mnyama gani anakula wanawe? Nikafanya ndiyo tangazo langu: "Nunueni ngege! Msimhurumie! Mama mbaya huyu, kala wanawe mwenyewe!" Soko zima linacheka, wananunua. Nikajiona hodari wa maneno.

Sasa huyu ngege alikuwa na wanawe nje, wengi, wadogo kama mbegu za wimbi, wanaelea mbele ya uso wake. Nikasogeza mkono ili nione vizuri. Kivuli changu kikawapitia. Akafungua mdomo. Robi, hawakukimbia. Walikimbilia ndani! Wote, mbio, kama watoto wa shule mvua ikianza. Akafunga mdomo, akakaa pale mashavu yamejaa, ananitazama. Mimi namtazama. Sijui tulikaa muda gani. Mkono wangu ulipotulia akafungua tena, akawapuliza, pu, wakatawanyika kwenye mwanga, na yeye akabaki nyuma kidogo anawaangalia.

Niliinuka. Ukaniuliza, "Umeona nini, Mama?"

Nikasema, "Matope."

Nikachukua karai langu nikaenda. Ungejua kwamba nasema uongo, maana shati la baba yako nililiacha likaelea kwenda Uganda, na mimi siachi shati.

Nyumbani nikamsimamia baba yako mbele. "Wewe. Kumbe ngege hali watoto wake?"

"Hali."

"Ulijua?"

"Nani hajui?"

"Rodi wanajua?"

"Hata mbuzi wa Rodi wanajua."

"Na miaka yote hii umeniacha nisimame sokoni nimtukane mama wa watu?"

Akafikiri. Unajua anavyofikiri, kama anavuta wavu. Akasema, "Ulikuwa unauza vizuri."

Tulicheka, mwanangu! Tulicheka mpaka nikakaa chini. Kila tukinyamaza mmoja anasema "kala wanawe mwenyewe" na tunaanza upya. Mwisho akafuta macho akanieleza, kwa upole, kwamba ngege akiwa na watoto mdomoni huwa hali kitu. Anakaa na njaa mpaka atakapowatema. Akishawatema ndipo anapokula.

Usije ukanicheka hapa. Najua hakuna mtu anayeweza kuniangalia akasema nimekaa na njaa. Lakini nilijiona mwenyewe. Nilikumbuka kengele ya mbuzi. Nikakumbuka Osiri. Nikaona kwamba nilikuwa nimefunga mdomo tangu ulipozaliwa, nikadhani huko ndiko kulea, na ni nusu yake tu. Ile nusu nyingine sikuwa nimeijua. Imebidi nionyeshwe na samaki niliyemtukana.

Bi Greta amekufundisha kwamba chini kule usizuie pumzi, na ukipanda upande polepole. Umeyarudia hayo mezani mpaka baba yako anayasema usingizini: "Pumua. Mos mos. Pumua. Mos mos." Mimi sina la kuongeza juu yake, ila nakwambia nimejaribu maisha ya namna ile nyingine, ya kuzuia pumzi, na yanachosha. Nilipokuja huku nilitaka niwe mtu wa ziwani kwa mwezi mmoja. Nilikimbilia Dholuo, nikasalimia mazishini kwa maneno ya harusi. Nilitaka mama mkwe anipende kabla hata hajanijua. Sikufika popote mpaka nilipochoka nikaenda taratibu. Hilo halina aibu.

Na ukiogopa huko chini, mwambie mwenzako. Nimewaona na Bi Greta mkifanya ishara za mikono ufukweni. Kuna moja ya kusema mambo si mazuri. Itumie. Usijifanye mtoto wa mvuvi asiyeogopa kitu. Mvuvi mwenyewe nimekueleza alivyokuja kuketi jikoni kwangu.

Na ukiona kitu kizuri, usifanye kama mimi. Usiseme matope. Nilikunyima furaha yako pale kwenye mawe, ulikuwa umesimama unangoja kama mtoto aliyeleta cheti kizuri, na mimi nikaondoka na karai. Kwa hilo nisamehe. Niliona, Robi. Niliona vizuri sana, na tangu siku hiyo usiku nikifumba macho naona vile vifulu vinapita kwenye vidole vyangu, na nafurahi peke yangu gizani. Nikafikiri: mwanangu ataona hivi kila siku, penye visiwa ambavyo watu hawafiki. Nikaona wivu kidogo. Mimi! Nyar Kuria! Wivu wa kutaka kuingia majini!

Rodi nimebadilisha tangazo. Jana nilisimama nikasema, "Nunueni ngege, mama mwema huyu." Hakuna aliyenunua. Wamezoea lile la zamani. Itabidi nifikirie.

Baba yako sasa amesimama kabisa, anasema jua linazama na hataki kutumbukia gatini kwa sababu ya insha yangu. Nafunga.

Umenisikia Jumapili nikisema siji. Najua utasimama kesho pale mbele ya meli na watu wako, utamwangalia baba yako peke yake ufukweni, na utajitahidi kucheka kama ulivyocheka juu ya viazi. Usihangaike. Nitachelewa kidogo, kwa kuwa kwanza nitapita pale kwenye mawe kuchota, na maji ya ziwa kuyatia mdomoni kwangu si jambo dogo, nitahitaji kusali kwanza. Halafu nitakuja mbio. Utaniona nashuka kwenye mteremko, mkono mmoja juu, mashavu yamevimba, macho yamenitoka, na sitaweza kukuita jina wala kukueleza kitu mbele ya Bi Greta na Wazungu wake.

Mwambie nahodha angoje. Fungua kifua cha shati lako. Na wewe, mama, tafadhali, usikimbie.

Mama yako,
Boke